Kimya Nilichokikata

Waliniambia wimbo wa baba yangu una mapengo, nami nikayaziba. Sitaandika hapa kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikaa mezani nyumbani kwetu Wabera, mtaani hapa Isiolo, saa nne asubuhi, chai ikipoa kando ya laptop, nikakata sauti yake hapa, nikaivuta pale, nikaiunganisha, hadi mtu aliyeimba kwa dakika nne na zaidi akawa anaimba kwa dakika mbili kamili. Nilipomaliza nilijisifu. Viungo vilikuwa laini kiasi kwamba hata mimi, niliyeshika kisu, sikuweza kusikia mahali nilipokipitisha.

Hasira ninayoandika nayo ilizaliwa asubuhi ile. Nilichelewa tu kuitambua.

Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi. Tunachukua anime, zile katuni za Kijapani, tunazikata vipande vidogo, kisha tunavipanga upya juu ya wimbo ambao waliozichora hawakuwahi kuusikia. Wimbo ukisema moto, anayeanza huweka moto. Ukisema moyo, huweka msichana aliyeshika kifua. Ukisema nenda, huweka mtu anayekimbia. Nilianza hivyo hivyo nikiwa shule ya upili, kwa diski nilizoazima dukani karibu na msikiti, na nilidhani mimi ni hodari. Baadaye nikajifunza kwamba picha inayorudia neno hulipunguza neno, kama mtu anayesimama nyuma yako akitamka kila unalotamka. Nikajifunza pia kwamba picha lazima itangulie sauti kidogo sana, fremu mbili tu, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu jicho huchelewa kuelewa. Haya hakunifundisha mtu. Niliyapata kwa kurudia kipande kimoja mara mia, huku mama akiuliza kutoka jikoni kama hiyo mashine imekwama.

Kilichonichosha ni nyimbo. Kila mtu wa kazi hii, popote alipo, alikuwa akikatia zile zile, za Kiingereza, za mapenzi yaliyovunjika katika miji nisiyoijua. Nilitaka sauti ambayo hakuna mwingine angekuwa nayo. Wakati huo baba alikuwa amerudi Biliqo, kijijini kwao, kwa ng'ombe wake, baada ya miaka mingi ya kukaa mjini kwa ajili ya shule zetu. Nikampigia simu.

"Abba, niimbie ule wimbo wa kisimani."

"Wa nini? Umenunua ng'ombe?"

"Ni wa video."

"Video ya ng'ombe?"

"Ya majoka."

Akafikiri. "Hayo majoka yanakunywa maji?"

"Haya yangu yanakunywa."

"Basi sawa. Mnyama akinywa, anaimbiwa."

Ujumbe wa sauti ulifika siku ya nne, alipopata mahali penye mtandao. Aliimba peke yake, kwa Kiborana, lugha yetu. Nyuma yake kulikuwa na upepo na mbuzi mmoja mwenye malalamiko. Aliwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake: njoo wewe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, maji yamepanda mikono minne kukufikia, njoo wewe wa majivu, aliyekuchimbia hajakaa chini tangu asubuhi. Na baada ya kila mwito, kimya. Hakikuwa kimya cha mtu anayevuta pumzi. Kilikuwa kirefu kiasi cha kukufanya uitazame simu. Kisha mwito mwingine, kisha kimya tena, ng'ombe kumi na mmoja hadi mwisho.

Nikampigia tena. "Abba, unanyamaza katikati. Mtandao ulikatika?"

"Haukukatika."

"Mbona kimya?"

"Hapo si pangu. Hapo ni pa yule wa chini."

"Lakini yeye hayupo."

"Kwako hayupo," alisema. "Mimi namsikia."

Visima vya kuchimba kwa mkono huko kwao vina kina kinachozidi urefu wa mtu mmoja. Wanaume husimama ndani mmoja juu ya mwingine, na ndoo hupanda kutoka mikono hadi mikono. Wa juu kabisa, anayemimina kwenye hori la ng'ombe, ndiye anayeita. Aliye chini yake ndiye anayejibu. Ujana wake wote baba alisimama juu, na chini yake alisimama mtu yule yule mmoja, rafiki yake, ambaye siku hizi ni dalali wa mifugo hapa mjini. Nilimjua tangu utotoni kama mzee wa kejeli anayekuja Idi, anayekula sana na kumsifia mama pilau kwa kuitukana.

Kwa hivyo nilijua. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Nilijua kimya kile ni cha nani.

Niliifanya kazi ile kwa miezi. Katika katuni moja ya zamani isiyojaliwa na mtu nilipata wanakijiji wanaozima moto kwa kupokezana ndoo. Nikaiondoa ile ndoo kwenye moto wao na kuipeleka kwenye kisima cha baba. Mahali pa ng'ombe niliweka majoka, yakishuka mlimani mmoja mmoja kuja kunywa. Lile jekundu nililipaka baka jeupe usoni mimi mwenyewe, fremu kwa fremu, maana hakuna mchoraji wa Japani aliyewahi kufikiria kwamba joka linaweza kuwa na alama ambayo baba yangu angelitambulia kundini.

Kigumu kilikuwa kimya. Utaweka picha gani juu ya maneno ambayo hayakuimbwa? Wachora katuni wana ujanja wao wa kupumzisha mkono. Humchora mtu mara moja tu, amesimama, mdomo umefungwa, na kinachosogea ni nywele zake au ukingo wa shati. Mashabiki huzicheka picha hizi. Ndizo za kwanza kutupwa. Mimi nilizikusanya. Kila kimya cha baba nilikipa uso wake, uso wa mtu anayesikiliza, nywele zikipepea, na chini ya uso hapakuwa na maandishi ya tafsiri kwa kuwa hapakuwa na neno la kutafsiri. Nilikuwa nimefika uso wa sita baba alipofariki.

Niliimaliza baada ya arobaini. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa nikiitazama mchana nikiwa peke yangu, na katika kila kimya nilikuwa nikihisi, sijui niseme vipi, kwamba kuna mtu mwingine chumbani ambaye sipaswi kumkatiza.

Kisha likaja tamasha la sanaa za vijana. Mratibu wake alikuwa mtu wa rika langu, labda miaka mitano mbele, kutoka Nairobi, mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi la Isiolo lilikuwa halijavigundua. Nilimpelekea video ofisini kwake. Aliitazama mpaka kimya cha tatu akaisimamisha.

"Hii kitu ni noma," alisema. "Sauti ya huyo mzee inashika. Lakini kuna mahali hakuna kitu."

"Kuna kitu."

"Nini?"

"Mtu mwingine anajibu."

Akainamisha sikio kwenye spika. "Mimi simsikii."

"Huwezi kumsikia. Hayupo."

"Sasa kama hayupo," akasema kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari, "watu watafikiria mtambo umeharibika. Nipe dakika mbili. Ikaze. Na ungeweka hata ngamia wawili watatu, mtu angejua mara moja hii ni ya wapi."

Katika wimbo mzima hakuna ngamia. Baba hakuwahi kufuga ngamia, na alikuwa na maoni makali juu ya wanaofuga. Lakini sauti ya Kiborana, mbele ya viatu vile, haina ruhusa ya kupita bila ngamia wa kuisindikiza. Wimbo wa Kiingereza unaweza kuwekewa roboti, malaika, jiji linaloporomoka kutoka mwezini, na hakuna atakayeuliza vinahusiana vipi. Sisi tukiimba lazima tuonyeshe kitambulisho. Nilimwambia ngamia sahau. Nilimwambia kwa ukali, nikiwa nimesimama, na alirudi nyuma kwenye kiti chake akainua mikono. Na kwa kuwa nilikuwa nimekataa ngamia, nilijiona nimeshinda, nikazikubali dakika mbili.

Hivyo ndivyo wanavyotupata. Wanatuwekea mbele jambo la kijinga tulikatae kwa fahari, na mkono wetu mwingine unatia saini.

Wenzangu nao walisaidia. Niko katika kikundi cha waandishi vijana. Tunakutana Jumamosi kusomeana hadithi na kuumizana. Niliwaonyesha matoleo yote mawili, la kimya na lililokazwa. Rafiki yangu mmoja, Mmeru, mwandishi wa hadithi fupi, hakusita hata kidogo.

"La pili, dada. La pili limebana. La kwanza linanipa muda wa kufikiria nimeacha nini jikoni."

"Hujasikia kitu kwenye vile vimya?"

"Nimesikia tumbo langu. Si ni wewe unatuambia kila wiki, toeni hewa?"

Ni mimi. Nimefuta kurasa za watu kwa sheria hiyo. Nimemwambia mwanamke aliyeandika juu ya kifo cha mtoto wake kwamba aya yake ya pili haifanyi kazi. Tunaiita nidhamu. Tunamsifu mwandishi kwa kusema kisu chake ni kikali, na hatuulizi kisu hicho kinaelekezwa wapi, wala kwa nini watu wetu wenye pumzi ndefu ndio wanaoambiwa kila siku kwamba wamezidisha. Nilirudi nyumbani nimefarijika. Nilikuwa nimepata wataalamu wa kukubaliana na uoga wangu.

Mama aliniuliza, "Nimwalike mwenzake?" Hakuhitaji kutaja kwamba ni mwenzake baba wa kisimani.

"Mwalike," nikasema.

Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nikifikiria nini niliposema neno hilo. Sikumbuki kitu. Nadhani nilifikiria nguo nitakayovaa.

Ukumbini, mchana wa Jumamosi ya tamasha, mapazia yamefungwa, joto limejaa, watu mia na kitu na watoto sakafuni. Mzee alikaa safu ya tatu kando ya mama, kofia safi, mikono miwili juu ya fimbo. Kimya cha kwanza nilikuwa nimekiacha. Sikukiacha kwa heshima. Jina la video lilihitaji nafasi ya kusomeka. Baba akaita: njoo wewe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Ikatokea ndoo, likatokea joka. Na kutoka safu ya tatu, jibu likaja.

Hakusimama. Alijibu akiwa ameketi, kwa sauti iliyotoka chini sana, sauti ya mtu aliye ndani ya shimo na anajua juu yake kuna mwenzake. Sikuwahi kulisikia jibu lile maishani mwangu. Ukumbi mzima uligeuka. Baadhi walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na nilijua kinachokuja, na hakukuwa na kitu ningeweza kufanya isipokuwa kuruka na kung'oa waya, na sikuruka.

Baba akaita wa majivu. Mzee akafungua mdomo, akatoa neno moja, na baba alikuwa tayari juu yake akimwita ng'ombe wa tatu. Mzee akanyamaza. Alisubiri kwa adabu, kama mtu anayedhani amechelewa yeye. Mwito ulipokwisha akaingia haraka, na baba akamkanyaga tena. Mara ya tatu hakumaliza hata silabi. Watoto sakafuni wakaanza kucheka, kisha wakubwa. Nilimwona akiitazama skrini, majoka yakinywa, akimtafuta mtu. Akafunga mdomo. Na baba yangu akaendelea kuita ng'ombe wake mpaka mwisho bila kumngoja yeyote, kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na rafiki.

Walishangilia sana. Nilipewa cheti. Mratibu alinishika bega: "Yule mzee mlimpanga? Alikuwa moto."

Nje, kwenye mwanga, mzee alikuwa akimuuliza mama kwa Kiborana, kwa sauti ya chini, "Nani alikuwa anamfukuza?"

Mama aligeuka. Alinitazama mimi.

"Alikuwa mtu wa pole," mzee akasema. "Hata nyoka alipoingia kisimani alikuwa mtu wa pole. Hii haraka aliipata wapi?" Akaondoka na fimbo yake bila kungoja chakula, yeye ambaye hajawahi kuacha chakula.

Tulipofika nyumbani mama alivua viatu, akasema, "Mimi nilimwita aje asikie rafiki yake," akaingia kuswali.

Jumatatu ukurasa wa tamasha ukaweka kipande. Hakikuwa cha video yangu. Kilikuwa cha mzee, kilichochukuliwa kwa simu na mtu wa safu ya nyuma. Na kilikuwa kimekatwa vizuri, hilo nalisema kama fundi. Kila alipofungua mdomo walikuwa wamesimamisha, wakarudisha, wakarudia mara tatu kwa mdundo, wakaweka sauti ya kicheko juu yake. Picha ilifika fremu mbili kabla ya kicheko. Walijua kazi. Kufikia Jumatano kilikuwa kimeingia kwenye kundi la familia yetu, kimetumwa na ndugu anayeishi mbali ambaye hakumtambua, na chini yake shangazi zangu wawili walikuwa wameshacheka kabla ya wa tatu kuandika: huyu si fulani?

Nilimwandikia mratibu akiondoe. Alijibu, "Wacha stress, kinafanya vizuri ajabu. Ni tangazo lako pia."

Alhamisi nilikwenda soko la mifugo. Nilimkuta mzee katikati ya mbuzi, mkono wake na wa mnunuzi mmoja imefunikwa kwa shuka, vidole vikijadiliana bei chini yake ili wengine wasione. Kinywa chake kilikuwa huru kunishughulikia.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Umekuja na kamera?"

"Sijaja na kamera."

"Basi leo mimi si nyota." Alinisemesha Kiswahili, kama anavyofanya na sisi sote tuliokulia mjini, husema Kiborana chetu kina mawe ndani.

"Nimekuja kuomba msamaha. Ni mimi nilikata."

"Ulikata nini?"

"Mahali pako."

Shuka likatulia. Mnunuzi akamtazama. "Kwa nini?" mzee akauliza.

Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri njia nzima. "Walitaka fupi," nikasema.

"Walitaka fupi. Ng'ombe ya baba yako ilikuwa ngapi kwa wimbo?"

"Kumi na moja."

"Na kwa hiyo fupi yako?"

"Kumi na moja."

Akamgeukia mnunuzi. "Unasikia huyu? Ng'ombe kumi na moja wamekunywa, na hakuna mtu ameinua ndoo." Mnunuzi akacheka. Mzee hakucheka. "Wewe binti, unajua ile kimya ni ya nini?"

"Ni ya jibu lako."

"Jibu yangu ni fupi. Ndoo ndiyo refu. Mimi nikimaliza kujibu, bado ndoo inapanda, na yeye hawezi kuita ingine kabla haijafika mkono yake. Asubuhi inapanda mbio. Saa sita mikono imechoka, inapanda pole pole. Ile ya mwisho ni refu kuliko ile ya kwanza. Hukuona?"

Niliona. Kwa miezi niliitazama ile mistari ya sauti kwenye skrini, vimya vikirefuka kimoja baada ya kingine, na nilidhani baba anaanza kusahau maneno. Nilimhurumia. Nilivikata vya mwisho kwa ukatili zaidi, nikijiambia namstiri. Kumbe alikuwa amekaa peke yake Biliqo mbele ya simu, na mikononi mwake kulikuwa na ndoo kumi na moja, moja nzito kuliko nyingine, naye akizingoja zote.

"Iko nayo hapo?" mzee akauliza. "Ile refu?"

Nikampa simu. Hakutaka spika. Aliubandua mkono wake kutoka kwa mnunuzi, akalivuta shuka kichwani, akatupa mgongo, akaiweka simu sikioni. Kwa dakika nne na zaidi tuliona mabega yake tu. Mbuzi walipiga kelele, mtu wa Leparua alipita akiuliza bei ya beberu, na chini ya shuka tulisikia, kwa vipindi, mzee akijibu. Sikurekodi. Mnunuzi, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kungoja, alingoja.

Alipotoka macho yalikuwa makavu na uso wake una ugomvi. "Kwa huyo wa majivu amedanganya. Alikuwa yangu, hakuwa yake. Tuligombana mwaka mzima." Akanirudishia simu. "Ile ya kucheka. Toa."

"Si mimi niliyeweka, mzee."

"Mimi nimeuliza nani?" Na mkono ukarudi chini ya shuka.

Ijumaa asubuhi nilipanda ngazi za ofisi ya mratibu nikiwa na laptop. Alifurahi kuniona. "Habari, msanii. Umeona namba?"

"Nataka utazame kitu kimoja chote. Ukizungumza, naanza upya."

"Ni mchezo?"

Nilifunga mlango nikaanza. Katika kimya cha kwanza alisema, "Eeh, hapa ndipo nilikuwa—" Nikarudisha mwanzo. Katika cha pili alitoa simu mfukoni. Nikarudisha mwanzo.

"Lakini sijasema kitu."

"Umesema sasa."

"Dada, niko na mkutano saa tano."

Nikarudisha mwanzo. Ilikuwa mara ya nne kuianza. Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na nadhani aliona kwamba sitaondoka, na kwamba sijali kama ataita mlinzi. Akaweka simu kifudifudi. Baba akaita ng'ombe wake. Nyuso zilizochorwa zikasikiliza, nywele zikipepea, na sisi wawili tukakaa ndani ya kila kimya mpaka mwisho wake, na kila kimoja kikiwa kirefu kuliko kilichotangulia. Kufikia cha nane mguu wake uliacha kutikisika. Kufikia cha kumi alikuwa akitoka jasho. Sitadai alielewa. Sikuja kumwelimisha. Nilitaka akae ndani yake kama mzee alivyokaa ukumbini, bila pa kuweka sauti yake.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha. Sasa futa."

Alikifuta kile kipande cha mzee mbele yangu, kwa kidole gumba, akanionyesha skrini. "Lakini nakala ziko kila mahali, na hizo siwezi kuzifikia. Umeridhika?"

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa na karatasi mfukoni yenye majina ya waliokirusha hapa mjini, wale niliowajua. Wa kwanza alikuwa kinyozi mtaa wa chini, aliyekuwa akikionyesha kwenye televisheni ya duka lake kuwachekesha wateja. Nilimkuta ana wateja watatu, mmoja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Kicheko kilikuwa kikiendelea ukutani. Nilizima televisheni, nikafungua laptop juu ya meza ya mashine na mafuta, nikawaambia wote wakae.